Uzi: Nusu ya kidonge cha kichocho ni abiria tu. Karibuni tuchambue isomeri ya nuru na ukirali

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Kila mwaka vijana wa PCB na PCM (tahasusi za sayansi za kidato cha tano na sita) wanakariri "kaboni yenye vitu vinne tofauti", wanachora mistari minene na ya nukta, wanaweka kioo katikati, wanapata alama zao, mada inafungwa. Mimi naona tatizo ni mfano. Butan-2-ol, ule mfano wa vitabuni, haimhusu mtu. Nani amewahi kuiona? Wakati huo huo kuna mfano ambao watoto wengi wa Kanda ya Ziwa, Unguja na Pemba wameushika mkononi na kuumeza huku wamekunja uso: prazikwanteli, dawa ya kichocho, ule ugonjwa wa minyoo.

Tuanze na msingi kwa wale waliosahau. Kaboni ina mikono minne, nayo haikulala juu ya karatasi kama tunavyoichora. Imekaa kama piramidi ya pembe tatu, kila mkono umeelekea kona yake. Mikono hiyo ikishika vitu vinne tofauti, kuna namna mbili za kuvipanga, na namna hizo ni kama jozi ya kandambili: urefu ule ule, mpira ule ule, tundu zile zile, lakini ya kulia huwezi kuizungusha hata kwa uchawi ikawa ya kushoto. Molekuli ya aina hiyo tunasema ina ukirali, na kila mmoja wa jozi ni enantioma, yaani isomeri ya nuru, ya mwenzake.

Sasa, enantioma mbili zina joto lile lile la kuyeyuka, lile lile la kuchemka, uzito ule ule. Ukizitia kwenye maji zinayeyuka sawasawa. Zinatofautiana kwenye mambo mawili tu. La kwanza ni mwanga: ukichuja mwanga ukabaki unatikisika kwenye bapa moja, kisha ukaupitisha kwenye myeyusho wa enantioma moja, lile bapa linazungushwa kulia (+), na enantioma ya pili inalizungusha kushoto (−) kwa kiasi kile kile. La pili ni pale molekuli hiyo inapokutana na kitu kingine chenye ukirali. Na mwili wote, wa kwako na wa mnyoo, umejengwa kwa protini za asidi amino za upande mmoja.

Prazikwanteli ina kaboni kirali moja. Ilitengenezwa na kampuni za Kijerumani, Bayer na Merck ya Darmstadt, miaka ya 1970, na kidonge cha kawaida kina mg 600. Ndani yake mna enantioma zake mbili, zinaitwa R na S, nusu kwa nusu, yaani rasemeti. Kazi ya kuua mnyoo inafanywa na R. Mwaka 2019 watafiti walionyesha mlango inapogonga: ni njia ya kupitisha kalisi kwenye chembe za mnyoo. R inaifungua, kalisi inamiminika ndani, misuli ya mnyoo inakakamaa na ngozi yake inaharibika. S kwenye mlango huo ni dhaifu sana.

Piga hesabu. Kipimo cha kawaida ni mg 40 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 30 anahitaji mg 1,200, yaani vidonge viwili. Kati ya hizo, mg 600 ni S. Maana yake kwenye vidonge viwili alivyomeza, sawa na kidonge kizima ni abiria ambaye hakulipa nauli.

Na abiria huyo ni mchungu. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa kuonja uliokuta kwamba S ni chungu kuliko R.

Hiyo ndiyo mada. Karibuni.

---

Ngosha Mtulivu

Mkuu umenikumbusha mbali. Ile siku ya kingatiba shuleni tunapangwa mstari, tunasimamishwa kwenye ule mti wa kupimia urefu, unaambiwa wewe vidonge vitatu. Uji umekunywa lakini ukikitafuna tu kidonge, uji wote unataka kurudi. Kumbe wa kulaumiwa alikuwa S!

---

Mleta mada

Usimbebeshe lawama zote, R nayo si asali. Ila ndiyo, S amechangia zaidi. Na ule uji mlinyweshwa kwa sababu: dawa hii ikiingia tumboni pamoja na chakula inafyonzwa vizuri zaidi na haisumbui sana.

---

KidatoSita_PCB

Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza, R ndiyo ile inayozungusha mwanga kulia, na S kushoto? Maana vitabu vinachanganya, mara R na S, mara + na −, mara D na L.

---

Mleta mada

Marahaba kijana. Hapana, na hapa ndipo wengi wanaangukia kwenye mtihani.

R na S ni jina la mpangilio. Unalipata kwenye karatasi kwa kanuni za Cahn, Ingold na Prelog bila kugusa maabara. Chukua asidi laktiki, ile ya maziwa mgando. Kaboni ya katikati imeshika OH, COOH, CH3 na H. Unavipa vyeo kwa namba atomia ya atomu iliyoshikana moja kwa moja na kaboni hiyo: OH anaongoza kwa sababu oksijeni ni 8. COOH na CH3 wote wanaanza na kaboni, kwa hiyo unasogea hatua moja mbele: kaboni ya COOH imezungukwa na oksijeni, ya CH3 imezungukwa na haidrojeni, basi COOH wa pili, CH3 wa tatu. H wa mwisho. Igeuze molekuli mpaka H iwe nyuma, mbali na jicho lako, kisha fuata 1, 2, 3. Ukizunguka kama mshale wa saa ni R, kinyume chake ni S.

Alama ya + na − ni kipimo. Huipati kwa kuangalia mchoro, lazima upime. Prazikwanteli inayofanya kazi ni R na inazungusha kushoto, kwa hiyo ni R-(−). Asidi laktiki inayozalishwa na misuli yako ukikimbia ni S-(+). Na kama bado huamini kwamba mambo haya mawili hayafungamani: chukua hiyo hiyo S-(+) uigeuze kuwa chumvi yake, laktati. Hujagusa mkono hata mmoja wa kaboni kirali, bado ni S, lakini sasa inazungusha mwanga kushoto.

D na L ni ya kizamani, imetokana na gliseraldehidi. Emil Fischer mwaka 1891 alilazimika kubahatisha ipi ni ipi, kwa sababu hakukuwa na chombo cha kuiona molekuli yenyewe. Mkemia Bijvoet akaja kuthibitisha kwa eksirei mwaka 1951, kwa kutumia chumvi ya asidi tatariki, kwamba ile bahati ilikuwa sahihi. Ingekuwa vinginevyo, vitabu vyote vya sukari na protini vingebidi vichorwe upya.

---

KidatoSita_PCB

Nashukuru sana mwalimu. Na hiyo asidi tatariki, ina kaboni kirali mbili, kanuni ya mbili kwa kipeo cha n (n ni idadi ya kaboni kirali) inatoa isomeri 4, lakini marking scheme wanasema 3. Kwa nini?

---

Mleta mada

Kwa sababu kaboni zake mbili zimeshika vitu vile vile. R,R na S,S ni jozi ya kweli. R,S na S,R ukizigeuza ni kitu kimoja: nusu ya juu ni kioo cha nusu ya chini, inajifuta yenyewe, haizungushi mwanga. Inaitwa meso. Ile kanuni inatoa idadi ya juu kabisa, si idadi ya lazima. Kabla ya kuitumia angalia kama molekuli ina ulinganifu ndani yake.

---

Muwa na Pol

Niko maabara ya kiwanda cha sukari, hii mada ndiyo ugali wangu. Watu wanadhani polarimeta, kile chombo cha kupima mwanga umezungushwa kiasi gani, ni cha kuonyeshea wanafunzi tu. Sisi bila hiyo hatujui hata muwa uliokuja na trekta una sukari kiasi gani. Tunaita "pol".

Kanuni ni fupi: nyuzi ulizosoma, gawa kwa urefu wa mrija kwa desimeta, gawa kwa ukolezi wa sukari kwa gramu katika mililita moja, unapata mzunguko maalumu wa kitu hicho. Sukari ya muwa ni +66.5 kwa mwanga wa njano wa sodiamu, wa nanomita 589. Kipimo chetu cha kimataifa ni gramu 26 za sukari safi kwenye mililita 100, mrija wa milimita 200. Zidisha: 66.5 mara 0.26 mara 2, unapata kama nyuzi 34.6. Hapo ndipo pameandikwa 100 kwenye chombo chetu.

Sasa utamu wenyewe. Sukari ya muwa ikivunjika kwa asidi au kimeng'enyo inatoa glukosi, takriban +52.7, na fruktosi, takriban −92. Fruktosi inamshinda mwenzake, kwa hiyo myeyusho uliokuwa unazungusha kulia unageuka unazungusha kushoto. Ndiyo maana muwa uliochomwa ukalala siku kadhaa shambani, pol yake inashuka.

Lakini kuna mtego. Muwa ukilala, kuna bakteria wa jamii ya Leuconostoc wanaingia na kutengeneza dekstrani, uteute fulani ambao unazungusha kulia kwa nguvu, kama +200. Kwa hiyo muwa umeoza, sukari imepungua, na polarimeta inakwambia mambo ni mazuri kuliko yalivyo. Chombo hakidanganyi, kinasema tu mwanga umezungushwa kiasi gani. Hakijui nani kauzungusha.

---

Mleta mada

Mkuu hii ya dekstrani nilikuwa siijui, umenifaidisha. Walimu wa kemia mnaosoma hapa, chukueni hilo swali mkawatungie watoto.

---

Bi Nanaa

Mie si mkemia, ni mpishi, lakini nimewahi kusikia harufu ya nanaa na ya kisibiti ni kitu kimoja kilichogeuzwa. Kweli ama porojo?

---

Mleta mada

Kweli kabisa bibie. Kinaitwa karvoni. R-(−) ndiyo inayotawala kwenye nanaa, S-(+) ndiyo harufu ya kisibiti. Pua yako ina vipokezi vya protini, navyo ni vya upande mmoja, kwa hiyo inatenganisha kile ambacho mizani na kipimajoto haviwezi.

---

Mbishi wa Jukwaa

Maelezo mazuri, ila sijaelewa kitu kimoja. Kama nusu ya dawa ni abiria, miaka yote hiyo kwa nini wasitengeneze R tupu? Au ni yale yale, dawa za maskini zinafanywa ilimradi?

---

Mleta mada

Swali la haki, na jibu lake lina sehemu mbili: kemia na pesa.

Kemia kwanza. Ukitengeneza molekuli kwa vifaa visivyo na ukirali, kila hatua inayozaa kaboni kirali inaweza kushambuliwa kutoka juu au kutoka chini, na pande zote mbili ziko sawa. Utapata nusu kwa nusu, hata uwe fundi namna gani. Ukitaka upande mmoja, lazima mahali fulani uingize kitu ambacho tayari kina upande: kichocheo kirali, kimeng'enyo, au asidi iliyotoka kwenye mmea.

Njia kongwe ni ya Louis Pasteur. Mwaka 1848 akiwa Paris, kijana wa miaka 25, alikuwa anachunguza chumvi ya sodiamu na amonia ya asidi tatariki, asidi inayopatikana kwenye utando wa mapipa ya mvinyo. Kulikuwa na aina iliyozungusha mwanga na aina isiyozungusha, na hakuna aliyejua kwa nini. Alipoitazama hii ya pili kwa lenzi akaona fuwele za aina mbili, moja kioo cha nyingine. Akazitenga kwa koleo dogo, punje kwa punje. Rundo moja likazungusha kulia, jingine kushoto. Mzee Biot, ambaye tangu 1815 alikuwa ameonyesha kwamba vimiminika kama tapentaini vinazungusha mwanga, hakuamini mpaka Pasteur alipolirudia jaribio mbele yake.

Niweke jambo ambalo walimu wengi hawalisemi. Ile chumvi inatengana katika fuwele za aina mbili ikiwa tu joto liko chini ya takriban nyuzi 27. Juu ya hapo R,R na S,S zinajipanga pamoja ndani ya fuwele moja na huoni tofauti yoyote. Pasteur angekuwa Dar mwezi Januari, bila kiyoyozi, angetazama lenzi mpaka macho yamuume.

Koleo haliwezi kuendesha kiwanda, hilo alilijua mwenyewe. Mwaka 1853 akagundua njia ya pili: changanya rasemeti ya asidi na besi kirali kutoka gome la mkwinini. Sasa una chumvi mbili ambazo si vioo tena vya zenyewe, ni daiastereoma, kwa hiyo zinatofautiana katika kuyeyuka, na moja inaganda mapema. Chuja, umemaliza.

Njia hiyo hiyo, ikiwa imegeuzwa, ndiyo iliyotumika kwa prazikwanteli zaidi ya miaka 150 baadaye. Mkemia Matthew Todd, akiwa Chuo Kikuu cha Sydney, alifungua mradi hadharani mtandaoni: kila jaribio linawekwa wazi, mtu yeyote duniani anachangia. Matokeo yalichapishwa 2011. Unaikata prazikwanteli kwa asidi ili ubaki na amini (kipande chenye nitrojeni, ambacho ni besi), unaichanganya na asidi iliyotokana na asidi tatariki, chumvi ya upande unaoutaka inaganda, unachuja, unarudisha kile kipande ulichokata. Yaani asidi ya Pasteur imerudi kuwatibu watoto wa Sengerema.

Pesa sasa. Prazikwanteli ya rasemeti ni rahisi, na Merck wa Darmstadt wanaitoa bure kupitia Shirika la Afya Duniani, hadi vidonge milioni 250 kwa mwaka. Ukiongeza hatua za kutenganisha, gharama inapanda. Na rasemeti inatibu. Sioni uzembe hapo. Mahali nakubaliana na wewe ni kwa watoto wadogo: wa chini ya miaka 6 waliachwa nje ya kingatiba kwa miaka mingi kwa sababu hakukuwa na dawa ya umri wao, kidonge kikubwa na kichungu hawawezi kukimeza. Uzembe upo hapo, na haukuwa wa kemia.

---

Mfamasia wa Zamu

Niongeze kidogo. Hiyo R tupu sasa ipo, inaitwa arprazikwanteli. Kidonge cha mg 150 kinachoyeyuka kwenye maji, kwa watoto wa kuanzia miezi 3 hadi miaka 6. Majaribio ya awamu ya tatu yalifanyika Côte d'Ivoire na Kenya, kule Homa Bay. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kuikubali Desemba 2023, na WHO wakaiidhinisha 2024.

Ila tahadhari kwa wasomaji: msitoke hapa mkiamini kila rasemeti ni wizi. ALu mnayotumia kwa malaria: artemetha inatokana na mmea, ni upande mmoja tu, wakati lumefantrini ni rasemeti, na zimekaa kwenye kidonge kimoja kwa amani. Ibuprofeni kazi inafanywa na S, lakini mwili wenyewe unageuza sehemu kubwa ya R kuwa S, kwa hiyo kuuza S tupu faida yake ni ndogo. Na kuna dawa za tumbo ambazo kampuni ilitenga enantioma moja pale hataza ya rasemeti ilipokaribia kuisha. Ukirali hapo ulikuwa wa mawakili kuliko wa wagonjwa. Kwa wanaopenda kujua, kwenye dawa hiyo, omeprazoli, kitovu cha ukirali ni salfa, si kaboni.

---

Mbishi wa Jukwaa

Na thalidomaidi, ile dawa ya usingizi, je? Tulifundishwa R inaleta usingizi, S inalemaza watoto tumboni, na kwamba wangetoa R tupu yasingetokea yale ya Ujerumani.

---

Mfamasia wa Zamu

Nusu ya pili ya hiyo hadithi haiwezekani. Thalidomaidi iliuzwa Ujerumani kuanzia 1957 hadi 1961. Kaboni yake kirali ina haidrojeni iliyokaa jirani na kabonili (kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa mikono miwili), kwa hiyo inabanduka kwa urahisi na kurudi upande wowote. Ukimpa mtu R tupu, ndani ya saa chache ana zote mbili kwenye damu. Kutenganisha kusingemwokoa mtoto hata mmoja. Marekani iliwaokoa wengi kwa sababu Dkt. Frances Kelsey wa FDA, mamlaka ya dawa ya huko, alikataa kuipitisha akidai ushahidi zaidi, siyo kwa sababu ya isomeri.

---

KidatoSita_PCB

Mwalimu, nimejaribu hesabu. Kama rasemeti ni mg 40 kwa kilo, basi R tupu inatosha mg 20 kwa kilo?

---

Mleta mada

Hesabu yako ni safi, na mwili umeikataa. Kwenye yale majaribio ya watoto kipimo kilikuwa mg 50 hadi 60 kwa kilo. Ini linaisaga R haraka kuliko S, sehemu kubwa inaharibiwa kabla haijaenea kwenye damu, na miili ya watoto wadogo inashughulika na dawa tofauti na ya watu wazima. Kwa hiyo faida ya R tupu imekuwa ladha na udogo wa kidonge, siyo kupunguza kipimo. Ukiulizwa kwenye mtihani faida ya enantioma moja, usikimbilie kuandika "nusu ya dozi".

---

Muwa na Pol

Swali la kiwandani: ile S iliyobaki kwenye chujio mnaitupa? Huku kwetu hata molasi inauzwa.

---

Mleta mada

Haitupwi kama una akili ya kiwanda. Ile amini ya S unaiondolea haidrojeni pale pale kwenye kaboni kirali. Kaboni inakuwa bapa, imepoteza ukirali, haikumbuki ilikuwa upande gani. Kisha unairudishia haidrojeni kwa kichocheo cha kawaida, nayo inaingia juu au chini bila upendeleo: una rasemeti tena. Unairudisha mwanzo wa mstari. Tukichukulia hakuna upotevu, mzunguko wa kwanza unatoa R asilimia 50 ya ulichoanza nacho, wa pili unafikisha 75, wa tatu 87.5. Kiwandani kuna upotevu kila hatua, kwa hiyo mahali pa kusimama panaamuliwa na bei ya haidrojeni na kichocheo ukilinganisha na bei ya kuanza upya.